Kiingereza cha Nottingham hakikuwa kwenye daftari langu

Nilipotua Uingereza nilikuwa na daftari. Kurasa arubaini na ushee za misemo ya Kiingereza, nilizozijaza kwa kalamu ya bluu tangu kidato cha pili kule Muheza. Wa kwanza kabisa: "It is raining cats and dogs." Sasa nina miaka sita Nottingham, nimelowa vya kutosha, na sijamsikia mtu hata mmoja akitaja paka wala mbwa.

Hapa mawingu yakijikusanya wanasema "It's black over Bill's mother's." Yaani kumekuwa kweusi kule kwa mama yake Bill. Mara ya kwanza niliisikia jikoni, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi (ndiyo, ni kubeba boksi kama maboksi mengine, ila hili linaongea). Mpishi kachungulia dirishani, kasema hivyo, mimi nikaingiwa na huruma. Nikamuuliza taratibu Bill ni nani na mama yake kapatwa na nini. Jiko zima likaangua kicheko. Hakuna anayemjua Bill. Wengine husema ni William Shakespeare, maana Bill ni kifupi cha William, na kwao Stratford ni kusini-magharibi ya hapa, upande zinakotoka mvua nyingi. Wengine husema ni Kaiser Wilhelm wa Ujerumani. Wala sikuwashangaa sana. Kwetu mvua ikinyesha na jua linawaka tunasema simba anazaa, na hakuna aliyewahi kwenda kumtazama mtoto.

Salamu nazo zilinisumbua. "You all right?" kila ukipishana na mtu. Wiki ya kwanza nilikwenda kujitazama kwenye kioo, nikidhani sura yangu inaonyesha naumwa. Kumbe ni hujambo yao, na jibu ni kuirudisha vilevile huku unatembea. Sisi tunajibu "nzuri" halafu tunaongeza "ila", na kwenye "ila" ndiko habari zote zilikofichwa: mtoto ana homa, mvua imebomoa choo. Hawa hawana "ila". Dereva wa basi naye ananiita "duck". Bata! Ningeitwa bata stendi ya Muheza kungekuwa na kesi. Hapa ni neno la upendo, anaitwa mtoto, anaitwa babu, anaitwa hata fundi wa bomba.

Chakula cha jioni kinaitwa "tea". Mzee mmoja alipouliza "What's for tea?" nilimletea kikombe na biskuti mbili. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Tuliyamaliza.

Lililoniuma ni jingine. Zamu ya usiku, bibi mmoja wa miaka tisini na kitu akanishika mkono: "I need to spend a penny, duck." Maneno yote hayo nilikuwa nayajua, na hapo ndipo penye hatari. Neno usilolijua utaliuliza. Haya nilijiona nayamudu. Nikadhani kumbukumbu zinamchezea, anataka kwenda dukani saa sita usiku. Nikamletea pochi yake, nikamwekea mapajani, nikamwambia kesho tutakwenda. Akarudia. Nikampapasa mkono, nikamsihi alale. Aliponyamaza nikadhani ametulia. Alikuwa amejikojolea.

Mwenzangu ndiye aliyenieleza, tukiwa tunabadilisha mashuka. Zamani milango ya vyoo vya umma hapa ilikuwa na kitasa kinachofunguka ukitumbukiza peni moja. Watu wa rika la yule bibi waliona aibu kutaja choo, wakataja nauli yake. Bibi mwenyewe hakunisema. "Never mind, duck," basi, akageukia ukutani. Afadhali angenitukana.

Na mimi ni mtu wa Tanga! Mimi ninayesema naenda haja ndogo, naenda msalani, najisaidia. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi si angeniuliza nina haja gani, na nataka nisaidiwe nini?

Baada ya usiku ule daftari nililigeuza, nikaanza kuandikia upande wa nyuma. Sikuandika tena maana. Nikawa naandika nani kasema, ameshika nini, na waliokuwepo walifanya nini baadaye. "Mardy", kwa mfano, sikufafanuliwa na mtu. Niliona bibi wa chumba cha pili amenuna kwa sababu kanyimwa kiti chake cha dirishani, nikasikia "she's being mardy". Kesho yake mpishi kafokewa, kafunga kabati kwa kishindo, neno lile lile. Basi, nikawa nalo. Msimamizi wangu naye akisema "You might want to check room six", kwa kitabu changu cha shule hiyo ni hiari. Nilimaliza chai yangu kwanza. Si hiari, ni amri iliyovalishwa nguo nzuri, na mtu aliyelelewa na shangazi anayesema "naona yale maji yamekaa tu pale kwenye ndoo" alipaswa kulijua hilo bila kuambiwa.

Deni halikuwa la upande mmoja. Kuna mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha Raleigh, baiskeli zilizotengenezwa mji huu tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilipomwambia babu yangu alikuwa na Raleigh nyeusi, yenye kile kichwa cha korongo mbele, na kwamba ilibeba machungwa kwenda sokoni mpaka babu mwenyewe akachoka kabla yake, aliniuliza maswali ya breki na mnyororo kwa nusu saa. Mzee huyu akikohoa au akidondosha kijiko, mimi nasema "sorry". Inanitoka tu. Akakereka: "What are you sorry for? You've not done owt." Hiyo "owt" ni chochote, daftari la mbele halikuwa nayo pia.

Nikamwambia sisi tuna neno kwa ajili ya hapo, na si la kuomba radhi. Mtu akijikwaa, akifiwa, akitoka kazini, akibeba mzigo, unampa pole. Akatafuta la Kiingereza, akakosa. Siku hizi nikiingia zamu nimelowa chapachapa, yeye ndiye wa kwanza, kutoka kwenye kiti chake: "Pole, duck."

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Akauliza hali ya hewa, kama kawaida, nami bila kufikiri nikamwambia kumekuwa kweusi kwa mama yake Bill.

"Bill ndiye nani, mwanangu?"

"Hata wenyewe hawamjui, mama."

Akanyamaza kidogo. "Na huyo mama yake anaishi peke yake?"

"Sijui, mama."

"Haya. Ukimwona, mwambie namsalimu."