Kope ya Jicho la Kushoto

Asubuhi mama yangu alikuwa mzima, na hilo ndilo lililotuponza zaidi ya mwaka.

Aliamka alfajiri, akaswali, akachota maji, kisha akakaa kwenye cherehani yake barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mkono na mguu vikienda pamoja kama kawaida yake. Alasiri ikiingia, kope ya jicho la kushoto ilianza kushuka, taratibu, kama pazia lililolegea kamba. Kisha ikawa shida ya uzi. Aliulamba, akaubana kwa vidole viwili, akaupeleka kwenye tundu, na sindano ikawa mbili. Alijaribu hii, akajaribu ile, mwishowe akaniita. Ikifika magharibi sauti yake ilitokea puani, na chai aliyokunywa ikarudi kwa pua. Akilala, akiamka, hana kitu.

Nasi tulimpeleka hospitali asubuhi, ili tuwahi foleni. Kila aliyempima alimkuta mzima. Daftari lake lilikuwa na kurasa tatu za miandiko mitatu tofauti, zote zikisema macho mazima. Wa tatu aliongeza neno: wasiwasi. Mtaani walishapata jibu lao, kwamba kuna mtu amemtazama vibaya kwa ajili ya ile cherehani. Mama hakubishana na yeyote. Alikuwa na neno moja tu: "Hawanioni, mwanangu."

Mwaka ule wa 2012 akapata malaria. Zahanati moja wakamtundikia dripu ya kwinini, dawa ambayo sote tumekua nayo, na sikuwa na sababu ya kuiuliza. Chupa ya pili haijafika nusu, shingo ikashindwa kubeba kichwa. Nilikishika kwa viganja vyangu. Macho yalikuwa yamefumba yote mawili, lakini alikuwa ananisikia, kwani alinibana kidole. Pumzi zilikuwa fupi fupi, za juu juu. Nikapiga kelele wachomoe sindano. Wakachomoa, wakatupatia gari, tukakimbizwa hospitali kubwa, akawekewa oksijeni siku nne. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa malaria kali.

Baada ya hapo nilikata shauri. Kama ugonjwa unatoka jioni, basi na sisi tutakwenda jioni. Nilimsihi mama ashone mchana kutwa bila kupumzika, jambo ambalo hadi leo linaniuma, na saa kumi na mbili na nusu tukapanda bajaji. Tulimkuta daktari wa zamu, kijana ambaye umri wake haukufika wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Neno "baba" lilitokea puani.

Akaweka kalamu chini. Hakufungua daftari. Akamwambia mama atazame kidole chake kilichoinuliwa juu, asishushe macho. Akawa anahesabu kimya kimya. Kabla ya dakika kuisha kope ya kushoto ilikuwa imefunika mboni yote, na ya kulia imeanza kuifuata. Akachukua rula ya plastiki, ya shule, akapima uwazi wa jicho: milimita 3. Kisha akamtuma muuguzi alete barafu, akaipasua, akaitia ndani ya glovu, akaifunga fundo.

"Mama, nitakuwekea hii juu ya kope dakika mbili. Itauma baridi. Vumilia."

Dakika mbili ni ndefu. Nilikuwa natazama tone la maji likishuka shavuni mwa mama, likaingia kwenye mtandio. Daktari alikuwa ananieleza mimi huku akiishika glovu. Mshipa wa fahamu, alisema, haugusani na msuli. Kati yao pana uwazi mdogo mno, na mshipa hutuma ujumbe kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, inayodakwa na vipokezi upande wa msuli. Kinga ya mwili wa mama inavishambulia vipokezi hivyo, adui wakiwa ni wa nyumbani. Vilivyobaki ni vichache. Asubuhi mshipa una akiba, unamwaga kemikali nyingi, na vichache hivyo vinatosha. Kadiri msuli unavyotumika ndivyo akiba inavyopungua, na jioni ujumbe haufiki tena. Baridi humzubaisha mvunjaji wa ile kemikali, ikakaa muda mrefu zaidi pale uwazini. Ndiyo maana ya barafu. Na kwinini hudhoofisha mahali pale pale palipokwisha dhoofika.

Nilimwomba arudie sentensi ya mwisho. Akairudia. Nilikuwa nimeona shingo ya mama yangu ikianguka, na sasa nilijua kwa nini.

Ugonjwa unaitwa mayasthenia gravisi. Mengine nimeyasoma baadaye, usiku mwingi, kwa sababu nilitaka kuwajua watu waliohangaika na jambo hili mama yangu hata hajazaliwa. Mwaka 1934, katika hospitali ya Mtakatifu Alfege huko Greenwich, London, alikuwapo daktari mwanamke, Mary Walker. Alitambua kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepigwa kwa kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Basi kwa nini asiwape dawa inayoondoa kurare? Akamdunga mgonjwa wake faizostigmini, na nguvu zikarudi kwa saa kadhaa. Dawa hiyo ilitoka kwenye mbegu za Calabar, Nigeria, zile walizokuwa wakinyweshwa watuhumiwa wa uchawi ili ajulikane mwenye hatia, kama mwavi kwa watu wa kusini kwetu. Nilipomsomea mama habari hii alinyamaza kitambo. Vidonge vyake vya pairidostigmini, miligramu 60 kimoja, ni jamaa ya mbegu hizo. Akasema, "Basi na mimi wameninywesha mwavi, nikatoka salama."

Lakini Walker alijua dawa tu, chanzo hakikujulikana. Hicho kilifichuka mwaka 1973, katika Taasisi ya Salk, California, tena kwa watafiti waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Jim Patrick na Jon Lindstrom walivuna vipokezi vya asetilikolini kutoka kwa samaki wa umeme, ambaye kiungo chake cha umeme kimejaa vipokezi hivyo, wakawadunga navyo sungura ili miili yao itengeneze kingamwili, silaha za kinga ya mwili. Sungura wakatengeneza. Kisha wakalegea, vichwa chini, hawawezi kusimama. Walipopewa dawa ya aina wanayopewa wagonjwa wa mayasthenia, wakanyanyuka. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya samaki zilikuwa zimegeukia misuli ya sungura wenyewe. Miaka mitatu baadaye Lindstrom na wenzake walikuwa na kipimo cha damu, na ndani ya kipimo hicho mna sumu ya nyoka wa milia wa Taiwan, kwa sababu sumu hiyo hunasa kwenye kipokezi wala haiachii. Damu ya mama ilipelekwa nje ya nchi ikapimwe. Jibu lilirudi baada ya wiki kadhaa: kingamwili zipo.

Nawafikiria sana wale sungura. Nina deni kwao, na sijui hulipwa wapi.

Jioni ile tulikuwa bado hatujui lolote kati ya haya. Daktari aliondoa glovu, akafuta kope kwa pamba. "Fungua, mama."

Akafungua. Lote. Jicho la kushoto la mama yangu, ambalo jioni sikuwa nimeliona zaidi ya mwaka, lilinitazama. Rula ikasoma milimita 8. Mama akatazama mlango, akatazama taa, akatazama mikono yake. "Taa ni moja," alisema.

Daktari akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu, akapigia mstari mwekundu maneno ASIPEWE KWININI, akatuagiza asubuhi turudi kuanza vidonge. Tukaaga, tukatoka ukumbini. Hatukufika kwenye ngazi. Baridi ilikuwa imekwisha kazi yake, na kope ilikuwa inarudi chini kama mama alivyokuja nayo.

"Imeshuka?" mama aliuliza.

"Imeshuka, mama."

Akaniachia mkono. Akageuka, akarudi peke yake hadi kwenye ule mlango, akabisha, akalinyoosha daftari.

"Daktari, imeshuka tena. Tazama. Andika na hili."