Sofa iliyobonyea: nilianza na mikanda

Sofa ya watu watatu ilikuwa imebonyea katikati, na karibu kila mtu hapa Dodoma aliniambia nibadilishe sponji. Nikaipindua kwanza. Nilipobandua kitambaa cha chini vumbi lilimwagika, na mikanda ya mpira ukiivuta hairudi. Sponji mpya juu ya mikanda hiyo ni pesa iliyotupwa.

Fremu nayo ikaguliwe. Ukavu wa huku husinyaza mbao ambazo hazikukaushwa vizuri, maungio yanaachia. Kona mbili zilikuwa zinacheza. Nilizitia gundi ya mbao, nikakaza skrubu, nikaziacha usiku kucha.

Mkanda una upana wa sentimita 5. Kutoka mbao ya mbele hadi ya nyuma palikuwa na sentimita 55, kwa hiyo nilipigilia ncha moja, nikatia alama ya chaki kwenye sentimita 50, kisha nikavuta mpaka alama ikafika mbao ya pili. Huo ni mvuto wa asilimia 10. Ukizidisha, mpira unachoka mapema na pini zinang'oka. Ukipunguza, kiti kinaning'inia. Pini za stepla zilikuwa za milimita 10: tano kwanza, halafu ncha inakunjwa na kupigwa tano nyingine, maana bila mkunjo nyuzi huchanika. Mkanda na mkanda niliacha sentimita 5, na ile ya kukatiza nikaisuka juu na chini kama mkeka.

Sponji ngumu ya inchi 4 niliikata izidi foronya kwa sentimita 1 kila upande, ili kona zijae. Juu yake pamba nyembamba ya poliesta.

Kwenye veluti, kitambaa cha kufunika sofa, ndipo nilipokosea. Pitisha kiganja: upande mmoja manyoya yanalala, upande wa pili yanasimama. Vipande vyote vikatwe manyoya yakilala kuelekea chini. Kitambaa cha mkono mmoja wa sofa nilikigeuza ili niokoe nusu mita, mkono huo ukaonekana mweusi kuliko mwenzake, ingawa jora ni moja. Nikakata upya. Mita 8 za upana wa sentimita 140 zikaisha.

Kupiga pini, anza katikati ya kila upande, ukielekea kona. Ukianzia kona, mikunjo yote inakusanyika katikati.

Chini nimefunga kitambaa chepesi cheusi, kwa sababu ya vumbi la upepo wa Julai na Agosti. Upande mmoja nimeweka velkro badala ya pini, nifungue nikague mikanda bila kung'oa kitu.