Msalaba wa saa tisa usiku

Jana kadogo wangu alifukua sandukuni lile daftari la jalada la bluu. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Mama, huu msalaba ni wa nini?" Nikamtuma aende kuosha sambaza, wale samaki wadogo. Akaenda, swali likabaki.

Ni daftari la Papa. Mnaukumbuka mwaka ule: kizunguzungu sokoni Kadutu, kutapika, sauti kukauka, kope la kulia kushuka. Majirani walisema si kiharusi, kwa sababu mikono na miguu yote ilikuwa inanyanyuka. Neno hilo lilitupotezea siku nzima. Kwikwi haikukoma. Kisha Mama akampa kikombe cha chai ya moto, akakishika kwa mkono wa kushoto kana kwamba chai imelala. Hapo tukakimbia.

Hospitalini mimi na Yaya, mkubwa wangu, tulipokezana kuandika tansio, yaani presha ya damu, kila nusu saa. 176 kwa 98. 204 kwa 112. 148 kwa 84. 198 kwa 110. Nikadhani mashine imeharibika. Muuguzi akaleta nyingine, mambo yakawa yaleyale. Tuliambiwa ni kiharusi kweli, kisha mambo mawili. Kwanza, asipewe kitu mdomoni, koo halimezi sawasawa. Pili, tansio isishushwe kwa haraka: mshipa ukiwa umeziba na mgonjwa hakupata dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida huachwa mpaka ivuke 220 kwa 120, kwani sehemu ya ubongo iliyo kandokando ya jeraha inalishwa na msukumo huohuo. Nilisikia, sikuamini. Kwetu mtu akitajiwa 200 anaanza kuwapigia simu ndugu wa mbali.

Saa tisa usiku mvua ilikuwa inapiga mabati. Yaya amelala sakafuni juu ya kitenge. Nikapima: 212 kwa 114. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kidonge cha zamani cha Papa cha kushusha tansio, kimefungwa kwenye karatasi. Nikakivunja kwa meno, nikasaga nusu kwa mgongo wa kijiko, nikatia matone ya maji. Papa alinitazama kwa jicho lile lililofunguka vizuri, akafungua mdomo. Alinitii kama mtoto. Maji yakapita pabaya. Akakohoa, akakohoa, kifua kikapiga filimbi, na mimi nimemshika taya nikiita "Papa, Papa" kwa sauti ndogo ili Yaya asiamke. Kikohozi kilipotulia nilimpangusa kidevu. Mkono wangu ulikuwa unanuka dawa.

Saa kumi: 118 kwa 66. Nilimwita mara tatu ndipo akaitika. Kwenye mstari wa saa tisa nikachora msalaba, bila neno.

Asubuhi daktari aliteremsha kidole kwenye namba zangu, akaupita msalaba. Akachora shina la ubongo. Kwenye mishipa ya shingo, akasema, na kwenye ule mkubwa unaotoka moyoni, kuna vipimo vidogo. Kila pigo vinapeleka habari shinani, na amri zinarudi kwenye moyo na mishipa. Jeraha la Muzee liko jirani kabisa na zinapopokelewa habari hizo. Mama wa kitanda cha pili aliumia kwingine, ndani kabisa ya mkunjo wa pembeni, panaitwa insula, yaani kisiwa. Yeye mapigo ya moyo ndiyo yaliyokuwa yanapotea njia. Mimi nikafikiria Idjwi, kisiwa cha ziwa letu. "Kwa hiyo ya Muzee inaweza kupanda na kushuka yenyewe," akasema.

Yenyewe. Nilishikilia neno hilo, nikanyamaza.

Papa yupo, sauti imebaki ya mkwaruzo, na maji ya kuoga anayapima kwanza kwa mkono wa kulia.

Jioni nilimwita kadogo, nikamwambia: saa ile nilimpa Babu dawa kwa siri. Akauliza kama ndiyo iliyoshusha namba. Nikamwonyesha mistari ya juu, 204 halafu 148, na pale hakuna aliyempa kitu.

Akaisoma yote mpaka chini. "Sasa, Mama, ilikuwa wewe ao hapana?"