Kabla ya kufunga P.O.P (plasta), tazama ukingo wa kile kijifupa

Kigoma wanaoletwa kupiga picha ya mguu ni walewale: kateguka mpirani, kaanguka na bodaboda, kateleza akishuka botini Kibirizi. Picha inatoka, pembeni kuna kipande cha mfupa, P.O.P inaandaliwa. Ngoja kwanza.

Kipande kilichovunjika juzi kina ukingo mkali, na pale kilipoachana hakina ule mstari mweupe wa ganda la mfupa. Kijifupa cha asili, yaani cha ziada ambacho baadhi ya watu wanacho bila kuvunjika, ni cha mviringo na ganda limekizunguka pande zote. Shida ni mvunjiko wa zamani usiounga: nao hulainika kingo. Kwa hiyo rudi kwa mgonjwa, bonyeza palepale. Pasipouma, tafuta jeraha kwingine.

Shina la metatasali ya tano (mfupa mrefu unaobeba kidole kidogo cha mguu) ndilo linalodanganya wengi. Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hivi, mstari mweusi unaokwenda sambamba na urefu wa mfupa ni sehemu ya ukuaji. Ukiukata mfupa kwa mkingamo, kavunjika. Jirani yake, ndani ya kano chini ya mfupa wa kuboidi, kunaweza kuwa na os peroneum, nacho kijifupa cha ziada.

Hivyo viwili huonekana vizuri mguu ukizungushwa ndani nyuzi 30 hadi 45. Kijifupa cha ziada cha navikula (mfupa wa katikati ya mguu), upande wa ndani wa unyayo, hujificha kwenye picha hiyo. Zungusha nje nyuzi 45. Umbali wa mashine sm 100, kV (nguvu ya mionzi) 55 hivi, mAs (wingi wake) 3 au 4, bila gridi (wavu wa kuchuja mionzi). Kwa wanaotumia filamu, mionzi ikizidi kingo huungua kwa weusi, na ule mstari mweupe unaoutafuta ndio unaotangulia kupotea.

Os trigonum, kijifupa kingine cha ziada, hukaa nyuma ya talusi (mfupa wa kifundo). Picha ya ubavu isipokuwa ya ubavu kweli, fibula (mfupa mwembamba wa nje wa mguu) huifunika. Ishuku kwa mchezaji anayeumia nyuma ya kifundo akinyoosha unyayo kupiga shuti.

Kupiga mguu wa pili kulinganisha kunasaidia, ila kusikuhukumie: vijifupa hivi vinaweza kuwa upande mmoja tu. Na navikula iliyoungana na kijifupa chake kwa gegedu inaweza kuuma miezi huku eksirei ikionekana safi. Huyo anahitaji MRI. Kwenye ripoti andika upande, ukubwa kwa milimita, hali ya ukingo, na kama panauma pakibonyezwa.