Siku niliyofunga masaa 19, Guangzhou mpaka Dubai

Hii ilikuwa Ramadhani ya 2018, mwezi wa sita. Nilikuwa nimeenda Guangzhou kuchukua mzigo wa viatu, safari yangu ya kwanza China, napitia Dubai kwenda na kurudi.

Kwenda ilikuwa rahisi mno. Tumetoka Dubai saa nne asubuhi, nikiwa na daku yangu tumboni, na saa yangu ya mkononi inasoma kama saa kumi jioni ya Dubai jua hilo linazama dirishani, nikafungua. Yani masaa kumi na mbili tu. Nikashukuru, sikufikiria zaidi.

Kurudi sasa. Nimekula daku Xiaobei, mtaa wa hukohuko Guangzhou, saa kumi usiku, ndege ikaruka saa nane mchana. Ni kilomita kama 5,800 na kwenda tulitumia masaa saba na nusu, kurudi ni nane na robo kwasababu kule juu upepo unavuma kutoka magharibi, kwa hiyo unaenda nao China halafu unapambana nao ukirudi. Hilo sawa, dakika arobaini na tano si kitu. Kilichonimaliza ni jua. Tunalifuata magharibi, limekaa palepale mbele yetu, tumepita Yunnan, Myanmar, tumeingia India, simu yangu bado ina saa za China inaniambia saa mbili usiku, wenzangu niliowaacha Guangzhou wameshafuturu wameshaswali, mimi nje naona mchana mweupe kabisa na koo limekauka mpaka kumeza mate shida.

Pembeni yangu alikaa mzee wa Mombasa, naye kafunga. Nikamuuliza, mzee wangu, si tufungue kwa saa ya tulikotoka? Akasema, "Hapana mwanangu, jua ndiyo saa yako. Ukiona huwezi, basi fungua, wewe msafiri umeruhusiwa, utalipa. Lakini usifungue ukasema magharibi imeingia na jua unaliona."

Maneno yale yalinituliza sana, sijui nieleze vipi. Sikuwa nalazimishwa na mtu. Mhudumu akapita na chakula, nikamwomba anifungie, nikaegemea kiti.

Baadaye nilikuja kupiga hesabu nikaelewa. Kwa maeneo yale jua linakwenda magharibi kama kilomita 1,500 kwa saa, ndege yetu haifiki hata 900, kwa hiyo lazima likuache tu, ila linakuacha polepole. Ndo yale masaa manne ya tofauti kati ya Guangzhou na Dubai, yote niliyabeba mimi tumboni.

Tumeshuka Dubai saa kumi na mbili na robo jioni, jua bado lipo! Tukakaa na mzee chini karibu na chumba cha kuswalia, tende zake katoa kwenye mfuko wa kanzu, tukasubiri karibu saa nzima. Azana ilipoingia saa moja na dakika chache alinipa mimi kwanza. Maji yale sijawahi kunywa tena maji matamu vile.

Nikampigia mama Dar. "Mama shikamoo, mmeshafuturu?"

"Marahaba, bado mwanangu, dakika kama saba hivi, uji uko mezani."


Alikula daku yake masaa sita baada ya mimi kula yangu.