Mama aliniuliza kama niliapa

Ijumaa usiku, Kisumu. Wadudu wa ziwani wameizunguka taa ya baraza mpaka imefifia. Watu wa nyumbani wamelala. Mimi nimekaa na daftari kwa sababu ya kijana wa jana na kwa sababu ya mama, ingawa hao wawili hawajuani wala hawatajuana.

Wanaonisoma hapa kwa muda wanajua mimi ni Masoni. Freemason, kama wasemavyo mtaani, na wakisema hushusha sauti. Sijawahi kuficha. Hakuna sheria inayonikataza kujitaja. Kinachofichwa ni namna tunavyotambuana, na mengine mtu huyaacha kwa heshima tu. Aliyetatizika kwanza ni mke wangu, tena wala si kwa habari za shetani. Nilimwambia Alhamisi jioni nina kikao cha loji, yaani tawi letu la Masoni. Akanikagua: suti nyeusi, viatu vimeng'aa, glavu nyeupe zinachungulia mfukoni. "Baba watoto, lojing'i ya wapi hiyo?"

Nimekua nikiyajua wanayoyajua wote. Mwaka 1994, nikiwa darasa la saba, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, na shuleni tukaonywa tusipokee hata peremende kwa mtu tusiyemjua. Siku hizi hofu ile imegeuzwa biashara. Nguzo za stima huku Kondele zimebandikwa karatasi za "Jiunge na Freemason upate utajiri", namba ya simu chini. Ni matapeli. Ukipiga unaombwa ada ya usajili kwa M-Pesa, kisha ada nyingine, kisha simu inazimwa. Kijana anayeniuzia mkate aliliwa elfu nne na mia tano, akaja kunidai mimi, kana kwamba ndiyo ofisi. Nilimweleza kwamba huku pesa hutoka mfukoni mwako: ada ya kuingia, ada ya mwaka, chakula, mavazi, na sadaka kila kikao. Mkopo wa duka langu la dawa uko palepale ulipokuwa. Hakuniamini, na nadhani angeniamini ningekuwa na gari bovu zaidi.

Nilianza kwa kuuliza. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kihindi anayeuza vipuri, alikuwa akija kila mwezi kuchukua dawa za presha, na pete yake ilikuwa na alama ya bikari na guni ya waashi. Hakunishawishi hata kidogo. Ilipita karibu mwaka kabla sijamuuliza mara ya pili, ndipo akanipa fomu. Walionihoji walitaka kujua kama namwamini Mungu, hawakuuliza yupi. Siasa na mabishano ya dini hayaruhusiwi ndani, jambo ambalo katika mji huu, mwaka wa uchaguzi, ni mapumziko makubwa kuliko ufukwe wa Dunga. Kisha wanachama wakapiga kura. Sasa nami nimewahi kuipiga: mkono unaingia ndani ya kijisanduku mtu asione umeshika gololi gani, nyeupe au nyeusi, halafu unasikia ko! Nyeusi chache tu zatosha kukufungia mlango.

Usiku wa kwanza nilivuliwa kila kilichokuwa na chuma: saa, pete, sarafu, hata mshipi. Nikafungwa macho. Haya yamechapishwa tangu karne ya 18, sivunji kitu kuyasema. Baadaye, macho yamefunguliwa, niliombwa mbele ya wote nitoe chochote kwa ajili ya maskini. Nikapapasa. Sikuwa na mfuko. Simu yangu mimi hailali kwa michango, mazishi, karo, harusi, na "sina" nimeisema mara nyingi nikiwa nayo. Usiku ule nilisema sina na ilikuwa kweli, na sauti iliyotoka sikuitambua.

Madaraja ni matatu: mwanagenzi, fundi mwenza, na fundi kamili. Mwanagenzi hupewa aproni nyeupe tupu ya ngozi ya mwanakondoo. Daraja la pili inaongezwa maua mawili ya buluu, la tatu inatiwa pindo la buluu pande zote. Kuna vifaa vya waashi pia, na kila kimoja kina somo lake. Ninachokipenda ni rula ya inchi 24, yaani saa za siku: sehemu ya ibada, sehemu ya kazi na kujiburudisha, na sehemu ya kumsaidia rafiki mwenye shida, bila kujiumiza wala kuwaumiza wanaokutegemea. Hicho kipande cha mwisho ningependa kukibandika kwenye kila kundi la michango nililowekwamo bila kuulizwa.

Kazi hasa ni kukariri. Yote kwa Kiingereza cha zamani, na hakuna kusoma karatasi. Nilikuwa nakwenda Dunga alfajiri, natembea ufukweni nikijiuliza na kujijibu, mpaka mvuvi mmoja akamwambia mwenzake anipe pole, huyo daktari amefiwa. Ili upande daraja la pili unaulizwa maswali mbele ya wote. La kwanza ni jepesi: ulitayarishwa wapi kwanza kuwa Masoni? Jibu: moyoni mwangu. Nilisimama pale nikalipoteza. Kimya. Yule mzee wa vipuri, kwenye kiti chake, akagusa kifua kama anayetafuta miwani.

Daraja la tatu linahusu kifo, na hapo naishia.

Mama yuko Maragoli. Wanawake wa kanisani walimfikishia habari kabla yangu. Nilimkuta barazani akichambua mrenda, nikavuta kigoda, nikaanza kumsaidia. Aliuliza swali moja tu.

"Uliapa?"

"Niliapa, mama. Kwa Biblia."

Nikaanza kutapatapa. Nikamwambia kwamba Mwislamu huapa kwa Kurani na Mhindu kwa Gita, na kwamba zile adhabu za kukatwa koo ziliondolewa kwenye viapo mwaka 1986 na Loji Kuu ya Uingereza. Hakuwa amezitaja. Mama ni wa Kanisa la Friends, wale Quakers. Wamisionari wao, Wamarekani watatu, walifika Kaimosi mwaka 1902, na miongoni mwa waliyokuja nayo ni kwamba mtu wa Mungu haapi, hata mbele ya hakimu. Mathayo 5:37. Ndiyo, ndiyo, siyo, siyo.

"Kwani neno lako lilikuwa na kasoro gani?"

Nilikuwa na majibu ya mchungaji yeyote, ya jirani yeyote, ya yule muuza mkate. La hilo sikuwa nalo. Watu wengine wakikasirika hupaza sauti. Mama alinyamaza jinsi wanavyonyamaza kanisani kwao, na akachambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla ya kurudi.

Jana ilikuwa zamu yangu ya mlango. Nje husimama mlinzi mwenye upanga, ndani mlinzi mwingine, na mwaka huu huyo wa ndani ni mimi. Nilichoshika mkononi sikitaji. Kukagongwa. Nikafungua, na pale kizingitini akawa kijana amefungwa macho, shati limefunguliwa upande wa kushoto, mguu mmoja kwenye ndara. Alinukia sabuni ya Geisha. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka, na chini ya shingo palikuwa na kijistari cha jasho kinachotafuta njia. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na Kisumu yote ilikuwa inachemka.

Kabla ya kiapo huulizwa kama yuko tayari kukila. Nilikuwa nimerudi mlangoni, mgongo ukutani, na nikajikuta nasikiliza kwa masikio ya mama. Kijana alikaa kidogo. Mtu mmoja akakohoa. Akasema ndiyo, mara moja, kwa sauti ya chini kabisa.