Manifodi ya tabo, uani kwangu Nkuhungu, Dodoma

Land Cruiser yangu ina injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, imetoka kiwandani bila tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Ikipanda mlima Sekenke na mzigo inalia mpaka unaionea huruma. Ndiyo maana miezi mitatu sasa jioni zangu zinaishia uani, grenda mkononi: naiundia manifodi, mabomba ya kukusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye tabo.

Nimetumia bomba zito la mvuke, inchi moja na nusu, na kona zake. Bomba jembamba la ekzosi usiliguse. Tabo nzima inaning'inia hapo, na joto likizidi linapasuka kwenye kona. Silinda za injini hii zinawaka kwa zamu ya 1-4-2-6-3-5, kwa hiyo silinda 3 za mbele nimeziunganisha peke yake na 3 za nyuma peke yake. Moshi unapishana kwa zamu, hausukumani.

Kilichonitesa ni flenji, lile bamba la kufungia manifodi kwenye injini. Ya kwanza niliichomelea ikiwa huru mezani. Ilipopoa nikaiwekea rula ya chuma: imepinda, katikati mwanga unapita, ukucha unaingia. Ya pili, bamba la milimita 12, niliifunga kwa bolti zote kwenye silinda hedi bovu (kichwa cha injini) nililonunua kwa bei ya chuma chakavu. Nikachomelea kidogo huku, kidogo kule, na sikuifungua mpaka ikapoa kabisa.

Halafu upepo wa Dodoma! Unapeperusha argoni, gesi inayokinga mshono wakati wa kuchomelea, mshono unatoka na vitundu kama mkate. Siku hizi kuchomelea naanza saa 11 alfajiri, majani ya mwarobaini yakiwa bado yametulia. Mama jirani ameniomba kitu kimoja tu: "Mwanangu, grenda subiri kukuche." Nasubiri.